Mgonjwa wa Chumba cha Kufulia

Nilijua ni marufuku. Nataka hilo lieleweke mapema, asije mtu akanihurumia akidhani nilikuwa mgeni nisiyejua sheria. Miaka ile jiji la Toronto lilikataza kufuga kuku nyuma ya nyumba, na binti yangu alinitafutia kifungu chenyewe kwenye simu yake, akanisomea mstari kwa mstari. Nilimsikiliza mpaka mwisho, nikamshukuru, na Jumamosi iliyofuata nikamwambia mume wangu awashe gari. Tulikwenda kaskazini, tukaipita Markham na majumba yake makubwa yasiyo na mtu mchana, mpaka shambani kwa mzee mmoja aliyekuwa akiuza mitetea. Tulirudi na watatu ndani ya boksi la televisheni, wawili wa kahawia na mmoja mweupe.

Kwa watu nilisema nataka mayai ya maana, kwa sababu ya dukani yana kiini kilichopauka kama uso wa mtu aliyetoka kuugua malaria. Hilo lilikuwa kweli, lakini si kweli yote. Kweli nyingine ni kwamba nilitaka kitu kimoja katika nchi hii kinitegemee mimi, kwa mikono yangu, bila mimi kujaza fomu.

Nyumbani nilikuwa muuguzi. Miaka kumi na tisa hospitali ya mkoa, mingi kati ya hiyo katika wodi ya upasuaji, na wanaonifahamu watakwambia kwamba vidonda vilikuwa vyangu. Daktari akishindwa kuelewa kwa nini kidonda hakifungi, alikuwa akiuliza, sista yuko wapi. Tulipohamia Toronto mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, vyeti vyangu vilizunguka kutoka ofisi hii hadi ile, mwishowe nikaambiwa nianze kusoma upya. Nilikuwa na umri wa miaka arobaini na tatu, na mtoto wa kumpeleka shule asubuhi. Nikachukua kazi kwenye nyumba ya wazee, kama msaidizi. Unaogesha, unalisha, unatandika shuka. Kidonda huruhusiwi kukigusa. Ukiona kidonda, unamwita nesi.

Siku moja nilimwita nesi, msichana ambaye ningeweza kumzaa, nikamwambia bandeji ya babu mmoja imekazwa mno, mguu unabadilika rangi. Aliniambia, "Hiyo si kazi yako." Alisema kwa upole, na ule upole ndio ulioniuma zaidi. Tangu hapo nilifumba mdomo. Ilifika miaka kumi na moja sijafunga kidonda cha kiumbe yeyote, na sioni haya kusema kwamba nilikuwa na hasira kila siku katika miaka hiyo, hata siku nilizocheka.

Basi tuje kwenye kuku. Mume wangu aliwajengea banda nyuma ya gereji, kwa mbao za uzio wa zamani. Baridi ilipoanza kuuma, nililiziba. Niliziba kama nilivyomwona mama yangu akiziba banda lake kila jioni, pasibaki hata tundu la kupita kidole, kwa sababu kwetu tundu ni kicheche na upepo ni mafua. Niligongomea nailoni kuta zote, nikasokomeza vipande vya blanketi kuukuu kwenye nyufa, juu nikafunika zulia. Ndani mkawa na joto la pumzi zao, na ndoo yao ya maji. Nilijisifu. Nilimwambia mume wangu kuku wangu wamelala vizuri kuliko sisi.

Asubuhi moja ya Januari, baridi ikiwa nyuzi ishirini na kitu chini ya sifuri, nilifungua banda nikakuta kuta za ndani zimeota barafu. Wale wa kahawia wamesimama juu ya ufito wao wamejikunyata. Yule mweupe yuko chini, kando ya ndoo, mahali ambapo wenzake walikuwa wakimsukumia kila siku. Manyoya ya kifua yamelowa na kuganda. Kile kilemba chake cha kichwani, kilichokuwa kikubwa na chekundu kuliko cha wenzake wote, kilikuwa cheupe kama mshumaa. Nilimshika miguu. Ilikuwa migumu na baridi, kama vijiti.

Nilimbeba ndani ya koti mpaka chumba cha chini ya nyumba, kwenye mashine ya kufulia. Na hapo, mimi muuguzi wa miaka kumi na tisa, nilifanya kosa ambalo mpaka leo nikilikumbuka najisonya.

Nilimkanda.

Kwetu mtu akiumia hukandwa. Aliyeteguka hukandwa, aliyeanguka hukandwa, mzazi hukandwa tumbo na mgongo mpaka aombe msamaha, na kadiri maji yanavyokuwa ya moto ndivyo anavyoambiwa atapona haraka. Mama yangu alinikanda mimi nilipojifungua, na alikuwa na mkono mzito. Chuoni sikuwahi kufundishwa habari za mwili kuganda. Nani angemfundisha mwanafunzi wa Tanga habari hizo? Kwa hiyo mikono ilikwenda kwa mama yangu. Nilichemsha maji, nikachovya taulo, nikamkanda kilemba, nikamkanda miguu, nikisugua huku na huku. Kuku alipiga kelele ambayo sijapata kuisikia kwa kuku. Nilimwambia vumilia, mama, vumilia.

Kufikia saa kumi jioni kilemba kilikuwa kimevimba na kutoa malengelenge. Vidole vya miguu vilikuwa vimenenepa mara mbili na ngozi imeanza kuchubuka pale niliposugua. Hakula. Hakufungua macho.

Mume wangu alirudi kutoka kazini, akashuka ngazi, akamtazama. Alipanda juu, na aliporudi alikuwa na kisu mkononi na beseni.

"Mama, mwache nimwahi," alisema. "Bado ana uhai. Akifa hivi hivi ni kibudu, tutamtupa."

Msomaji asimwone mume wangu mkatili. Kwetu mnyama mgonjwa huwahiwa, ndiyo desturi, na ni huruma pia, kwa sababu anapumzika na nyama haiharibiki. Siku nyingine yoyote mimi mwenyewe ningeshika miguu yeye akate. Lakini nilikaa chini sakafuni kati yake na kuku.

"Rudisha kisu jikoni, baba," nilimwambia.

"Unamtesa."

"Nimemtesa, ndiyo. Sasa nitamtibu."

"Kwa dawa gani? Utampeleka hospitali gani? Wakimwona watakuuliza ametoka wapi."

"Sijasema nampeleka popote. Amelazwa hapa."

Binti yetu alikuwa amesimama juu ya ngazi. Yeye Kiswahili anakisikia chote, lakini ukimwuliza kwa Kiswahili anakujibu kwa Kiingereza, au anachanganya. "Mama, seriously," akasema. "Ni kuku tu."

Nilimwambia kama ni kuku tu basi asihangaike, aende akafanye kazi za shule. Mume wangu alirudisha kisu. Alipofika juu nilimsikia akimwambia binti yake kwamba mimi nikishaamua jambo, hata Mungu hunipigia hodi kwanza.

Kesho yake kazini nilikuwa nikimwogesha bibi mmoja wa miaka tisini na kitu, mkali kweli kweli, aliyekuwa akinituhumu kila wiki kwamba nimeficha soksi zake. Alinusa mikono yangu.

"Unanuka kuku," akasema.

Nilitaka kukana. Kisha nikakumbuka amewahi kusema alizaliwa shambani, huko magharibi ambako baridi ya Toronto wanaicheka. Nikamweleza yote, kwa sauti ya chini, nikimmwagia maji mgongoni. Alinisikiliza akiwa amefumba macho.

"Maji yalikuwa ya moto kiasi gani?" aliuliza.

Nilimwambia.

"Na ulisugua?"

"Nilisugua."

"Umemchuna mzimamzima," akasema. "Nyama iliyoganda haisuguliwi. Maji ya vuguvugu tu, kama ya kumwogeshea mtoto mchanga, unaiacha inalainika yenyewe. Malengelenge usiyapasue. Kitakachokuwa cheusi usikikate, kitaanguka kikitaka. Na usimrudishe kwenye baridi mpaka apone, maana kikiganda mara ya pili ndiyo basi." Halafu akafumbua macho akaniuliza banda lilikuwaje.

Nilimwambia, kwa fahari bado, jinsi nilivyoliziba.

Alicheka mpaka akakohoa. Alisema kuku ana koti lake, baridi kavu anaiweza. Kinachomchoma ni unyevu. Nimefungia pumzi zao ndani pamoja na ndoo ya maji, ule mvuke ukawatulia kichwani na kuganda. Banda la baridi, alisema, huachwa tundu juu, karibu na paa.

Kwa hiyo aliyemchoma na baridi ni mimi, na aliyemchuna kwa maji ya moto ni mimi. Nilimvalisha yule bibi soksi zake. Nilikuwa nimejiona nimepokonywa kazi yangu kwa dhuluma, na sasa nimepewa mgonjwa mmoja, nikamkosea mara mbili ndani ya siku moja. Ndani ya basi, nikirudi nyumbani, nilijiuliza kama wale wa ofisini walikuwa na haki. Niliwaza hivyo vituo vitatu. Kituo cha nne nikakasirika. Hakuna muuguzi ambaye hajawahi kukosea. Tofauti ni yule anayerudi wodini na yule anayejificha chooni. Nilishuka, nikang'oa nailoni na zulia, nikatoboa banda tundu mbili chini ya paa kwa wale wa kahawia. Kisha nikashuka kwa mgonjwa wangu.

Nilimweka kwenye tenga la nguo, juu ya magazeti. Nilikata shuka safi vipande vyembamba, nikavichemsha, nikavianika. Niliosha miguu yake kwa maji ya chumvi ya vuguvugu, nikaipaka mafuta mazito yasiyo na kitu ndani yake, nikafunga kila kidole peke yake ili visishikane, kama tunavyofunga mtoto aliyeungua mkono. Kilemba nilikipaka nikakiacha wazi. Nilimnywesha uji mwepesi wa ulezi kwa bomba la dawa lisilo na sindano, tone moja pembeni ya mdomo, nangoja ameze, tone jingine.

Na nikamwandikia chati. Niliichora kwa rula na kuibana ukutani kwa vibanio vya nguo. Saa, amekula nini, amekunywa nini, choo, kidonda kikoje. Mume wangu alipoiona alicheka, akaanza kuulizia hali ya wodini kila akitoka kazini. Nilimjibu kama ninavyowajibu ndugu wa mgonjwa, kwa kifupi. Siku ya nne nilimkuta ameketi kwenye kigoda kando ya tenga, bomba mkononi, ulimi ameutoa nje kwa umakini, anamnywesha. Kwenye chati alikuwa ameandika saa na kiasi. Alikuwa amekosea safu, lakini sikumsahihisha.

Siku ya sita kuku alifumbua macho akanidonoa kidole. Niliandika: anadonoa. Sijawahi kuandika taarifa kwa furaha kama ile.

Vidole viwili viligeuka vyeusi, kimoja kila mguu. Ncha za kilemba nazo. Nilizitazama kila siku na kuziacha, ingawa mkono uliniwasha kukata. Alijaribu kusimama, akaanguka kifudifudi, akajaribu tena. Sikumsaidia isipokuwa alipokwama. Hata wagonjwa watu niliwafanyia hivyo, na walinilaumu, na walitembea.

Mwezi Machi mtu fulani alitushtaki. Sijui nani, wala sikumtafuta. Akaja afisa wa jiji, kijana mwenye adabu, ameshika kishkwambi, akawapiga picha wale wawili wa kahawia nyuma ya gereji. Akaniuliza kama wapo wengine. Ningeweza kusema hapana. Nilishuka chini nikamleta yule mweupe nimemfunga kanga, miguu yake ya bandeji inaning'inia.

Kijana aliitazama ile miguu muda mrefu. "Daktari gani amemfunga?"

"Nimemfunga mimi."

Aliandika kitu. Akaniambia, kwa masikitiko ambayo naamini yalikuwa ya kweli, kwamba kuku wote waondoke ndani ya siku kumi na nne, na atarudi kukagua.

Mzee wa shamba alikubali kuwachukua wale wa kahawia. Mweupe alimkataa. Kuku wakiona kidonda, alisema, humdonoa mwenzao mpaka afe. Nimlete akishapona ngozi. Nilijua anasema kweli. Mume wangu tuliporudi aliketi mezani na koti lake bado mwilini.

"Basi serikali imekuwa upande wangu," akasema. Lakini hakwenda kuchukua kisu. Aliniuliza, kwa sauti nyingine, "Sasa tunafanyaje?"

Nilikwenda kuleta karatasi.

Sikuomba msamaha katika barua ile, wala sikueleza kuhusu mayai. Niliandika taarifa ya mgonjwa, kwa Kiingereza changu cha wodini, ambacho kiko sawa kuliko Kiingereza changu cha dukani. Kuku jike, mweupe. Kuungua kwa baridi, kilemba na miguu yote miwili. Vidole viwili vimekufa, vinangoja kudondoka. Anakula vizuri, choo kizuri, hana usaha. Hawezi kuhamishiwa kwa kuku wengine kabla ngozi haijafunga. Nahitaji wiki sita, bandeji mara moja kwa siku, kisha atapelekwa shambani. Chini nikatia saini. Chini ya saini nikaandika: Muuguzi Msajiliwa, Tanzania. Na namba yangu ya usajili, ambayo sikuhitaji kuitafuta popote.

Binti yangu aliisoma, akaweka kidole pale chini. "Mama, you can't," akasema, halafu akaendelea kwa Kiswahili, jambo ambalo hufanya akiwa na hofu. "Huku neno nesi lina wenyewe. Unaweza kupata shida. Wanaweza kukufukuza kazi."

"Soma vizuri," nilimwambia. "Nimesema nimesajiliwa hapa?"

"Hapana."

"Nimesema uongo wowote?"

Alisoma tena. "Hapana."

"Basi nitafutie bahasha."

Ningeweza kutoandika mstari ule. Pengine wangenipa wiki sita kwa kumwonea kuku huruma tu. Lakini kuku wangu hakufungwa bandeji na mama mwenye huruma. Alifungwa na mtu anayejua anachofanya, aliyekosea akajua amekosea wapi, na kama jiji linataka kumtoa mgonjwa kitandani kwangu, lijue linamtoa kwa nani. Niliipeleka mwenyewe mpaka dirishani, nikangoja wagonge mhuri wa kupokea.

Siku zile kumi na nne zilikwisha. Niliendelea kubadilisha bandeji. Kila gari lililopunguza mwendo mbele ya nyumba lilinishtua, nasema ukweli, na nilikuwa tayari na maneno ya kusema mlangoni. Kidole cha kwanza kilidondoka, kikavu, hata damu hakikutoa. Nikakiandika kwenye chati.

Jibu lilikuja kwa posta siku ya kumi na sita. Mume wangu ndiye aliyelifungua, kwa sababu mikono yangu ilikuwa na mafuta. Lilikuwa na mistari michache. Alisoma kwa sauti, akitafsiri polepole anavyosoma: kwamba kufuatia taarifa ya kitabibu iliyowasilishwa na muuguzi anayemhudumia, muda umeongezwa kwa wiki sita.

Nikamwambia arudie pale.

Akarudia. Nililia pale pale, nimesimama, nimeinua mikono yenye mafuta nisiichafue nguo. Mume wangu aliniuliza kama namlilia kuku, nikamwambia hapana, na hakuuliza tena. Karatasi zangu zote zilizowahi kwenda kwenye ofisi za nchi hii zilirudi zikisema bado, au haitoshi, au anza upya. Hii ilikuwa ya kwanza kurudi ikiniita kwa kazi yangu.

Wiki ya tano alipanda ufito niliomtegea kando ya mashine, akalala juu yake akiwa na vidole sita na kilemba kilichokatikakatika. Jumamosi tulimpeleka shambani. Nilimweka chini, akajikung'uta, akaenda moja kwa moja kumfukuza mmoja wa wale wa kahawia kwenye sinia la chakula. Mzee wa shamba alikuwa akiniuliza kitu, lakini mimi nilikuwa nimeiegemeza chati kwenye mlango wa gari, naandika mstari wa mwisho: ameruhusiwa, anatembea. Nikatia saini, na namba yangu yote.